Paneli ni Zetu, au ni Zao?

Mhariri,

Katika mkutano mkuu wa chama chetu cha ushirika wa nyumba hapa Kasarani, kijana wa kampuni moja ya sola alipomaliza kutuonyesha picha za mapaa yanayong'aa, mama mmoja mzee ambaye sote humwita Shosho aliinua mkono akauliza: "Mwenyekiti mwanangu, hizo paneli zitakuwa zetu, au zitakuwa zao?" Watu walicheka. Kijana alijibu kwa adabu kwamba zitakuwa za kampuni kwa muda wa miaka 20, na muda huo ukiisha pande mbili zitaketi na kuzungumza. Tulipiga kura, mimi nikiwa miongoni mwa walioinua mkono kukubali, na sasa ni mwaka wa tatu tangu siku hiyo. Ninaandika barua hii kwa sababu swali la Shosho nimelielewa nikiwa nimechelewa, na kwa sababu naona vyama vingi vya ushirika jijini vikipita njia hiyohiyo kwa nia njema ya kuhamia kawi safi.

Nieleze kwanza mkataba wenyewe ulivyo. Kampuni ilifunga paneli juu ya majengo yetu bila sisi kutoa hata shilingi, nasi tukakubali kununua kila yuniti inayozalishwa kwa bei iliyo chini kidogo ya ile tuliyokuwa tukilipa kwa stima ya kawaida. Bei hiyo inapanda kwa asilimia 5 kila mwaka, stima ya kawaida ipande au isipande. Kuna kiwango cha chini cha yuniti ambacho lazima tukilipie, tukitumie tusikitumie. Haturuhusiwi kufunga paneli nyingine zetu wenyewe wakati mkataba ungali hai. Tukitaka kuvunja mkataba kabla ya wakati, fidia itakadiriwa na kampuni. Mtu anayejua hesabu za riba aketi na kalamu: asilimia 5 juu ya asilimia 5 kwa miaka 20 huifanya bei ya mwaka wa mwisho kuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya bei ya mwaka wa kwanza. Hesabu hiyo haikufanywa mkutanoni. Mimi niliyefanya kazi ya ukaguzi wa vitabu kwa miaka mingi sikuifanya, na sina wa kumlaumu kwa hilo ila nafsi yangu.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma jinsi vyama vya ushirika wa umeme nchini Marekani vinavyopambana na suala hili la kuacha makaa ya mawe, maana huko ndiko ushirika wa umeme ulikokomaa kuliko kwingine kote ninakokujua. Katikati ya miaka ya 1930, takriban shamba moja tu kati ya kila kumi nchini humo ndilo lililokuwa na umeme, ilhali mijini nyumba nyingi zilikuwa tayari zinawaka taa. Kampuni za kibinafsi zilikataa kupeleka nyaya mashambani kwa hoja ambayo Mkenya yeyote wa mashinani ataitambua, kwamba nyumba ziko mbalimbali na wateja hawatoshi kurudisha gharama. Mwaka wa 1935 Rais Franklin Roosevelt aliunda idara ya kusambaza umeme vijijini, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuwakopesha wakulima kwa riba nafuu. Wakulima wakaunda vyama, wengi wakajiunga kwa ada ya dola tano, wakasimamisha nguzo zao. Leo vyama hivyo vinakaribia 900 na huhudumia watu zaidi ya milioni 40.

Tatizo lilikuja baadaye. Chama kidogo cha kusambaza umeme hakina uwezo wa kujenga mtambo mkubwa, kwa hivyo vyama kadhaa viliungana na kuunda vyama vya juu vya uzalishaji, na vyama hivyo vya juu vikakopa fedha nyingi kwa muda mrefu ili kujenga mitambo ya makaa ya mawe. Mkopeshaji alitaka kuhakikishiwa kwamba fedha zake zitarudi. Hakikisho lililopatikana ni mkataba: chama kidogo kitanunua umeme wake wote, au karibu wote, kutoka kwa chama cha juu kwa miongo kadhaa, na hakitajizalishia zaidi ya kiwango kidogo kilichowekwa. Mpango huo ulifaa wakati wake, kwani bila yeye kujifunga namna hiyo mkulima asingepata mkopo. Lakini bei ya kawi ya jua na ya upepo iliposhuka, vyama vingi vilijikuta na wanachama wanaotaka kubadilika na karatasi isiyowaruhusu.

Mfano ulionigusa zaidi ni wa chama cha Kit Carson, chenye makao mjini Taos katika jimbo la New Mexico. Mkataba wake na chama cha uzalishaji kiitwacho Tri-State ulikuwa wa kumalizika mwaka wa 2040, na ulikiruhusu kujizalishia asilimia 5 pekee ya umeme wake. Mwaka wa 2016 kiliamua kujikomboa. Kililipa dola milioni 37 ili kuachiliwa, fedha zilizotangulizwa na kampuni ya Guzman Energy ambayo ndiyo iliyochukua nafasi ya kukiuzia umeme, na deni hilo likalipwa kwa muda wa miaka sita hivi. Kufikia mwaka wa 2022 chama kilikuwa na mitambo ya jua ya kutosheleza mahitaji yake ya mchana siku za jua kali. Naomba msomaji asiliruke jambo moja hapa: jua la Taos halikuanza kuwaka mwaka wa 2016. Paneli zilikuwepo sokoni, wanachama walikuwepo, na nia ilikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa ya mkataba waliokuwa wameutia sahihi wenyewe.

Niliposoma habari za ile asilimia 5 nilikwenda kabatini nikautoa mkataba wetu. Kifungu kinachotukataza kufunga paneli nyingine ni ndugu wa damu wa kifungu kile cha Taos, tofauti ikiwa kwamba wenzetu waliruhusiwa angalau kidogo, sisi hatuna hata hicho kidogo. Na pale kuna tofauti nyingine inayoniuma zaidi. Tri-State ni chama cha ushirika kinachomilikiwa na vyama wanachama wake, kwa hivyo aliyekuwa akifungwa alikuwa pia mwenye sauti ndani ya bodi iliyomfunga, na mwaka wa 2020 chama hicho kilitangaza mpango wa kufunga mitambo yake ya makaa katika majimbo ya Colorado na New Mexico. Sisi hatuna kiti katika bodi ya kampuni iliyo juu ya paa letu.

Kisiwani Kauai, huko Hawaii, wakazi walichukua hatua kubwa zaidi. Mwaka wa 2002 ushirika wao uliinunua kampuni nzima ya umeme ya kisiwa kwa dola milioni 215. Kisiwa hicho hakina waya wa kukiunganisha na kingine, na kwa miaka mingi kilitegemea mafuta yanayoletwa kwa meli. Mnamo 2010 kawi jadidifu ilikuwa takriban sehemu moja ya kumi tu ya umeme wake, lakini sasa imevuka nusu, na kuna saa za mchana ambapo kisiwa kizima huendeshwa bila tone la mafuta. Waliwezaje? Hawakuridhika na paneli pekee. Mtambo wao wa Lawai, uliozinduliwa mapema mwaka wa 2019, una betri zinazohifadhi megawati-saa 100 za umeme wa mchana na kuuachilia jioni watu wanaporudi nyumbani na kuwasha majiko.

Jioni ndiyo saa inayotuhusu sisi wa Nairobi kuliko nyingine yoyote, na sisikii ikitajwa mara nyingi katika mijadala yetu. Umeme wa Kenya tayari ni safi kwa karibu sehemu tisa kati ya kumi: mvuke wa Olkaria, ambao mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka wa 1981, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Turkana, jua la Garissa, pamoja na umeme wa maji tunaonunua Ethiopia tangu mwaka wa 2022. Uchafu uliosalia ni ule wa mitambo inayochoma mafuta mazito na dizeli, ambayo huhitajika hasa kati ya saa moja na saa tatu usiku, wakati mahitaji yanapofika kileleni, na vilevile ukame unapopunguza maji ya mabwawa. Gharama yake tunaiona kila tunaponunua tokeni, imeandikwa pembeni kama gharama ya mafuta. Kwa hivyo chama cha ushirika cha Nairobi kinachojivunia kawi yake ya saa sita mchana, saa ambayo wakazi wengi wako kazini na gridi yenyewe ina umeme safi wa kutosha, bado hakijagusa mahali penye moshi.

Kuna hatua zisizohitaji hata betri. Pampu ya kisima chetu ilikuwa ikifanya kazi jioni, kwa mazoea tu, kwani ndipo mlinzi wa zamu alipokuwa akigundua kwamba matangi ni matupu. Tuliihamishia saa sita mchana. Matangi sasa hujaa kwa umeme wa paa, na jenereta ya dizeli, iliyokuwa ikinguruma stima inapopotea watu wakiwa na ndoo mikononi, ina wiki nyingi haijawashwa. Mabadiliko hayo hayakutugharimu chochote isipokuwa ubishi wa siku kadhaa na mlinzi, ambaye aliamini kwamba maji yaliyopandishwa mchana huwa ya moto.

Ninajua kuna watakaosema kwamba mikataba ya muda mrefu ni ya lazima, kwa maana hakuna mwekezaji atakayeleta fedha zake bila hakikisho. Ni kweli, na nimekwisha kukiri hivyo kuhusu wakulima wa Marekani. Lakini taifa letu lina kumbukumbu yake kuhusu mikataba ya umeme. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye megawati 310 na mitambo 365, ulikamilika kabla ya laini ya kilomita 428 ya kuusafirisha umeme huo kutoka Loiyangalani hadi Suswa. Laini ilikuwa tayari mwaka wa 2018, na kwa kipindi cha kungoja Wakenya walibebeshwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata balbu moja. Upepo wenyewe hauna lawama. Mwaka wa 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliunda jopokazi la kuichunguza mikataba ya ununuzi wa umeme, na mjadala kuihusu haujaisha hadi leo. Ikiwa serikali yenye mawakili wake wote ilihitaji jopokazi ili kuelewa ilichotia sahihi, chama cha nyumba chenye katibu wa kujitolea kitahitaji nini?

Nirudi kwa swali la Shosho, ambalo kwa hakika ni swali la ushirika kabla ya kuwa la umeme. Tungekopa kwenye Sacco tukanunua paneli zile, tungelipa deni kwa miaka sita au saba, na watengenezaji wengi wa paneli huzidhamini kwa miaka 25. Nisiwe mtetezi wa upande mmoja: mwenye mali ndiye mwenye matengenezo, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani, hubadilishwa baada ya miaka kumi au zaidi, gharama ambayo kwa sasa inabebwa na kampuni. Vilevile wanachama wanaokopa wanahitaji mkopeshaji anayeielewa bidhaa. Lakini nchi hii haina upungufu wa akiba za ushirika. Hata mojawapo ya Sacco zetu kubwa zaidi, Stima Sacco, ilianzishwa mwaka wa 1974 na wafanyakazi wa sekta ya umeme, kumbe fedha na stima zishawahi kulelewa katika nyumba moja.

Wala si kweli kwamba Wakenya hawajawahi kumiliki umeme kwa pamoja. Kuanzia mwaka wa 1994 wakazi wa Mpeketoni, kaunti ya Lamu, waliendesha gridi yao ndogo kwa jenereta za dizeli na kupelekea umeme maduka na karakana zao wakati gridi ya taifa ilikuwa mbali. Ilikuwa dizeli, na moshi wake ulikuwa moshi, lakini mita ilisomwa na mtu waliyemwajiri wenyewe. Huko Tungu-Kabiri, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, wanakijiji walinunua hisa na kuchimba mfereji kwa mikono yao ili kupata mtambo mdogo wa maji wa kilowati 18. Viwanda vya chai vinavyomilikiwa na wakulima wadogo navyo vimejenga mitambo ya maji, ukiwemo wa Gura, kaunti ya Nyeri, wenye karibu megawati 6, ili kupunguza gharama ya kukausha majani. Ushirika wa aina hii umekuwa ukichipuka bila sheria iliyoandikwa kwa ajili yake.

Sheria ndiyo inayonileta kwa ombi langu. Sheria ya Kawi ya 2019 ilifungua mlango kwa wasambazaji wengine wenye leseni, na haimtaki mtu awe na leseni ya uzalishaji kwa mtambo wa matumizi yake mwenyewe usiozidi megawati moja. Kanuni za mwaka wa 2024 zikamruhusu mteja kurudisha ziada yake kwenye gridi na kuhesabiwa yuniti, ingawa kwa kila yuniti mbili anazotoa huhesabiwa moja. Yote haya yameandikwa kana kwamba mtumiaji ni mtu mmoja mwenye paa moja na mita moja. Chama cha ushirika chenye paa moja na wanachama 48, kila mmoja na mita yake, kinasimama wapi? Umeme unaotoka kwenye paa la chama na kuingia katika nyumba ya mwanachama ni matumizi ya mwenyewe, au ni biashara ya kuuza umeme bila leseni? Nimewauliza mafundi wanne na wakili mmoja, nikapata majibu matano. Kwa maoni yangu mwanachama anayetumia umeme wa chama chake anatumia mali yake, sawa na anayepangisha nyumba ya chama au kukopa akiba aliyoiweka, na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli ingetuondolea mashaka kwa kutamka hivyo katika kanuni.

Kwa upande wa ushirika, ningependa Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika auzuie mkataba wowote wa kawi unaozidi miaka mitano kutiwa sahihi kabla ya kusomwa kifungu kwa kifungu katika mkutano mkuu, kwa lugha ambayo wanachama wanaielewa, ukiwa na jedwali linaloonyesha bei ya kila mwaka hadi wa mwisho na kiasi cha fidia ya kujitoa kwa kila mwaka. Jedwali hilo ni ukurasa mmoja tu. Laiti tungelikuwa nalo, nadhani hata mimi ningeliinua mkono mara moja tu, kuuliza swali.

Sisemi kwamba mali ikiwa ya ushirika imekuwa salama. Nimekagua vitabu vya vyama vya kahawa ambavyo wakulima wake walirithi madeni wasiyoyajua asili yake, na sote tumeona akiba za wanachama zikifujwa na waliokabidhiwa kuzitunza. Paneli pia huibwa, na betri ndizo huanza. Hata ushirika wenye sifa njema hauponi kwenye vishawishi vya kupendeza: chama cha uzalishaji cha Great River Energy cha Minnesota kilitangaza mwaka wa 2020 kwamba kitaufunga mtambo wake mkubwa wa makaa uitwao Coal Creek, kisha kikauuza kwa kampuni nyingine mwaka wa 2022, na makaa yangali yanachomwa pale. Mwanachama aliyepiga makofi mwaka wa 2020 ana haki ya kuuliza alikuwa akishangilia nini. Lakini ana haki hiyo kwa sababu ni mwanachama, ana kura, na kuna mkutano ambao viongozi hawawezi kuukwepa mwaka baada ya mwaka. Mimi na Shosho, kuhusu paneli zilizo juu ya vichwa vyetu, tuna nambari ya simu ya huduma kwa wateja.

Chama chetu kimeita mkutano maalumu ili kuiomba kampuni ituonyeshe kwa maandishi bei ya kuzinunua paneli hizo leo, mwaka ujao, na mwaka wa kumi. Kama kuna chama kingine hapa Nairobi kilichokwisha kupewa bei ya namna hiyo, au kilichojibiwa na Mamlaka kuhusu mita za wanachama, ningeshukuru kikiandika katika ukurasa huu kabla hatujaketi.

Mwanachama wa ushirika wa nyumba,
Kasarani, Nairobi